Simu Haijui Saa Tisa na Nusu

Ushauri kuhusu simu na kazi, ukiusikiliza redioni au kwenye video za wahamasishaji wa Dar es Salaam, ni uleule: ukitoka ofisini zima simu, usiingie nayo chumbani, na asubuhi usiiguse kabla hujanywa chai. Umetungwa kwa mtu mwenye ofisi yenye mlango, mwajiri anayegawa simu za kazi, tawi la benki mtaani na ndugu wanaofikika kwa daladala. Upeleke Ruangwa na Nachingwea, wilaya za mkoa wa Lindi, nchi ambayo wapenda soka waliizoea kwa jina la Namungo tangu timu ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, uone unavyopwaya. Mtendaji wa kijiji upande wa Kilimarondo hana simu ya ofisi. Simu ya ofisi ni yake mwenyewe, aliinunua kwa mshahara wake, na bando analiweka yeye. Laini hiyohiyo ndiyo pochi yake, ndiyo namba pekee ambayo mama yake anaikariri, na ndiyo wananchi wanayoipiga tembo wakiingia mashambani usiku wa manane. Akiizima saa tisa na nusu alasiri, saa ambayo ofisi za serikali hufungwa, atakuwa amefunga ofisi, benki na nyumba kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo swali la namna ya kuitawala simu, kazi isiimeze nyumba wala nyumba isiimeze kazi, halijibiwi kwa kumwambia mtu awe na nidhamu. Nidhamu ni jambo zuri, lakini anayesumbuliwa na ujumbe saa tatu usiku siye aliyeutuma. Wanaoandika juu ya simu humtazama mpokeaji: tabia yake, vidole vyake, usingizi wake. Nadhani tuanze na mtumaji. Ana cheo gani? Anadai nini? Kwa nini anaamini kwamba usiku wa mwenzake ni mali yake? Ukiliangalia jambo kwa upande huo, mengi yanayoitwa uraibu wa simu yanageuka kuwa utii, na utii hautibiwi kwa kuficha simu kabatini.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Kabla ya miaka ya 2000, habari za haraka Nachingwea zilikuwa na mahali pake na saa zake. Ulikwenda posta ukapanga foleni, au ulimkabidhi kondakta barua. Jioni kaunta ilifungwa na habari zikalala hadi kesho. Kampuni za simu za mkononi zilianza Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, Vodacom ikaingia mwaka 2000, na mitandao ikateremka kusini polepole. Kwa muda mrefu mtu wa kijijini alikuwa na simu mfukoni lakini mtandao ulikuwa juu ya kilima, au chini ya mwembe fulani unaojulikana na kijiji kizima. Alipanda jioni, akasoma ujumbe wake wote, akajibu, akashuka. Yalikuwa mateso, hasa kwa mwenye mgonjwa. Hata hivyo mateso hayo yalibeba kitu ambacho leo watu wa mijini wanalipia wataalamu wawafundishe: saa moja ya simu, na saa zilizobaki za mambo mengine.

Kulikuwa pia na kubipu, kupiga na kukata kabla hujapokelewa. Mtafiti Jonathan Donner, katika makala aliyoitoa mwaka 2007 kutokana na utafiti uliofanyika Rwanda, alionyesha kwamba kubipu kulikuwa na kanuni zake. Mwenye uwezo ndiye anayepiga. Anayeomba msaada habipu, maana atakuwa anaomba mara mbili. Kijana anayemtongoza msichana naye habipu, ataonekana hana kitu. Hayo yalijulikana Tanzania nzima bila mtafiti. Mlio mmoja ulikuwa na maana waliyokubaliana watu wawili, nimefika au njoo unichukue, na aliyevunja kanuni aliambiwa usoni. Kwa maneno mengine, watu wa kawaida waliwahi kujitungia sheria za simu na kuzifuata bila serikali wala mwajiri kuwashika mkono. Uhaba wa vocha uliwalazimisha wafikirie kabla ya kumsumbua mtu.

Uhaba huo umepungua. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 za vijijini nchini. Hata kabla ya hapo bando lilishakuwa jambo la kila siku, na WhatsApp ilishakuja na kitu ambacho kubipu hakukuwa nacho: ujumbe ambao mtumaji haoni kama unamgharimu chochote, unaowafikia watu hamsini kwa mguso mmoja. Kanuni za zamani hazikuhamia huko. Hakuna aliyewahi kukubaliana na mwenzake kwamba katika grupu la idara ujumbe wa baada ya swala ya isha una maana gani. Aliyekuwa na cheo akajaza pengo hilo kwa desturi yake.

Desturi yenyewe inajulikana. Shule ina grupu, kata ina grupu, idara ina lake, na juu yao kuna la wilaya ambamo wakubwa wenyewe wamo. Ujumbe wa mkubwa ukishuka saa tatu usiku kudai takwimu za madawati, msururu unaanza: nimepokea mkuu, sawa mkuu, inafanyiwa kazi mkuu. Ukisoma majibu hayo thelathini huoni taarifa hata moja. Ni rejista ya mahudhurio, imehamishwa kutoka asubuhi ikapelekwa usiku. Mwalimu wa Mandawa anayejibu akiwa jikoni anajua kwamba madawati hayataongezeka wala kupungua kabla ya kesho. Anajibu kwa sababu alama za bluu zinaonyesha ameona, na aliyeona akanyamaza anahesabiwa kuwa mkaidi. Wengi watakwambia takwimu zenyewe walishazituma wiki iliyopita kwa jedwali la sura nyingine.

Humo ndani mna jambo lisilosemwa sana. Simu inayolia usiku ni kesi ya kindoa. Mke anataka kujua ni nani huyo, mume naye hivyohivyo, na jibu la kwamba ni bosi halimalizi kitu, pengine linaongeza. Kuna nyumba ambazo ugomvi ulianza kwa taarifa ya lishe shuleni. Afisa aliyetuma ujumbe huo hatajua kamwe.

Historia ya Nachingwea ina mfano wa amri za mbali unaonijia kila nikifikiria magrupu hayo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwa sehemu yake pamoja na Kongwa na Urambo. Mipango ilitoka London, matrekta yakaletwa, reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Mvua na udongo havikufuata mpango, na mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha. Reli iling'olewa baada ya uhuru. Kilichobaki ni kata iitwayo Stesheni isiyo na treni. Mradi ule ulishindwa kwa sababu nyingi, lakini mojawapo ni hii: aliyeamuru hakubeba gharama ya amri yake. Aliyeko shambani ndiye aliyeibeba. Grupu la usiku limejengwa kwa hesabu hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo ushauri wa mjini unapokosea zaidi. Unachukulia kwamba kazi ina urefu sawa kila siku, saa nane au tisa, na kwamba mizani kati ya kazi na nyumba hupimwa jioni. Uchumi wa Ruangwa na Nachingwea hauendi hivyo. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, mbaazi zinafuata, halafu korosho kuanzia Oktoba. Kabla ya hapo mkorosho umeshadai palizi na kupuliziwa salfa miezi ya kiangazi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, unampeleka mkulima kwenye chama cha msingi, chama kinapeleka mzigo ghalani, na chama kikuu, ambacho kwa wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, kinaandaa mnada. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Oktoba 2024 minada ya mwanzo ya kusini ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na bei hiyo ilikimbia kwenye simu za watu kabla wajumbe hawajarudi nyumbani.

Mtazame karani wa chama hicho cha msingi, AMCOS, katika wiki za mnada. Mkulima anapiga kuuliza kama uzito wake umeingia. Mwingine anapiga kuuliza malipo. Wa tatu jina lake la benki halifanani na la kitambulisho. Mwenye lori anauliza njia. Chama kikuu kinataka orodha. Yote hayo yanapita kwenye simu moja, na hakuna hata mmoja kati ya hao unayeweza kumwita msumbufu: fedha ya mwaka mzima iko njiani, ada ya mtoto inasubiri, bati zimeshachaguliwa dukani. Mwambie karani huyo azime simu saa kumi na mbili jioni mwezi wa Novemba, na kesho asubuhi atakuta uvumi umeshafika kijiji cha tatu kwamba amekimbia na hela. Kunyamaza kwake kuna bei, na bei hiyo ni heshima yake.

Lakini msimu wa korosho una mwisho. Ikifika Februari hakuna mnada, na karani huyohuyo anaweza kulima mahindi yake wiki nzima bila simu kulia kwa jambo la kazi. Ndiyo maana naamini mizani ya huku ipimwe kwa mwaka, na mtu asihukumiwe kwa usiku wake wa Novemba. Wakulima walijua hivyo tangu zamani. Ngoma, harusi na unyago havipangwi wakati wa kuokota korosho. Hungoja watu wawe na nafasi na fedha. Familia inayomwona baba hayupo Novemba inajua atakuwepo Machi.

Ninakiri ubaya wa hoja hiyo: ni tamu mno masikioni mwa mwajiri. Kila mkubwa atakwambia huu ni msimu wa pekee, vumilia. Kwa mkulima msimu unatangazwa na mti wenyewe, na hakuna mkurugenzi awezaye kuuongeza. Kwa mtumishi wa halmashauri msimu hutangazwa na barua: sensa, chanjo, mitihani, mbio za Mwenge, ziara ya kiongozi, kufunga mwaka wa fedha Juni. Ziunganishe, kalenda imejaa. Mtumishi huyo ana Novemba kumi na mbili. Kwake hoja ya msimu haifai mpaka aonyeshwe Februari yake iko wapi.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kwa wiki. Saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Ukiisoma neno kwa neno, mwalimu anayejaza jedwali saa nne usiku kwa amri ya mkubwa wake amevunjiwa yale mapumziko ya saa 12. Ila sheria hiyo iliandikwa wakati kazi ilikuwa mahali unapokwenda. Haisemi kama kujibu ujumbe ni kufanya kazi, na sidhani kuna anayeweka hesabu ya dakika zake kumi za kila usiku ili akadai.

Wenzetu wamejaribu kuziba pengo hilo. Ufaransa iliweka haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi kuanzia Januari 2017, ikizitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane na watu wao kuhusu utaratibu. Kwa jirani yetu Kenya, Seneta Samson Cherargei wa Nandi alipeleka muswada mwaka 2022 uliotaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya kumi aweke sera ya mawasiliano baada ya saa za kazi, na anayekiuka atozwe faini hadi shilingi 500,000 za huko au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Shirikisho la waajiri likapinga kwamba gharama za kuajiri zitapanda. Mimi sina imani kubwa na jela katika jambo hili. Mtendaji wa kijiji hatamshtaki mkurugenzi wake mahakamani kwa ujumbe wa saa tatu, hata sheria ikimruhusu. Ataonana naye kesho kutwa kwenye kikao, na uhamisho ni kalamu tu. Haki inayomtaka mnyonge aanzishe ugomvi ili aipate huishia kwenye vitabu.

Kinachonivutia zaidi kipo hapa nchini, na hakikutungwa kwa ajili ya kupumzisha mtu yeyote. Ni mfumo wa m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 baada ya kujaribiwa Kanda ya Ziwa. Zahanati yenye mama aliyezidiwa au familia iliyoko mbali hupiga 115 bila malipo. Upande wa pili kuna watu wa zamu, saa 24, ambao hutafuta gari la wagonjwa na likikosekana humwita dereva wa kijamii aliyesajiliwa, anayelipwa kwa simu. Tazama ufundi wake. Dharura imepewa namba yake. Namba hiyo si ya muuguzi fulani aliyelala kwake. Ni ya kiti ambacho daima kina mtu macho, na mtu huyo zamu yake ikiisha anaondoka bila dhambi. Kabla ya utaratibu wa namna hiyo, uhai wa mzazi ulitegemea kama simu binafsi ya nesi ina chaji.

Hapo ndipo ninapoona njia. Kinachowachosha watumishi wa Ruangwa na Nachingwea ni kwamba dharura na yasiyo dharura yanapita mlango mmoja, kwa sauti moja. Tembo wako shambani, mama anatokwa damu, taarifa ya madawati, picha ya pongezi kwa kiongozi, yote hulia kling. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuzima, maana pengine ni lile la kwanza. Kwa hiyo anayapokea yote, hadi la mwisho.

Utafiti wa nje unaelekea upande huohuo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwataka watu wasome barua pepe zao mara tatu tu kwa siku kwa wiki moja; msongo wao ulipungua. Utafiti mwingine uliotolewa 2019, kwa watumiaji wa simu nchini India, uligundua kwamba waliopelekewa taarifa za simu kwa mafungu matatu kwa siku walijisikia vizuri zaidi, lakini walionyimwa kabisa taarifa hizo walipata wasiwasi zaidi. Tokeo hilo la pili lingewafaa wale wahamasishaji wa kuzima simu. Kimya kitupu humtia mtu hofu ya yanayompita. Mafungu humtuliza. Na yule mzee aliyekuwa akipanda kilima jioni kutafuta mtandao, bila kupenda, alikuwa akiishi kwa mafungu.

Mei 2024 Lindi ilipewa jaribio ambalo hakuna aliyeliomba. Mwanzoni mwa mwezi, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda kusini. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia sana. Magrupu yalikwama, picha hazikufunguka. Simu ya kawaida ya sauti na ujumbe mfupi vikabaki. Aliyekuwa na la maana alipiga. Aliyekuwa na jedwali alisubiri, na jedwali lilifika siku intaneti iliporudi. Sitaki kuipamba adha ile; wenye biashara za mtandaoni walipata hasara. Lakini kwa siku zile chache milango miwili ilitengana yenyewe, na yaliyo ya dharura yalionekana jinsi yalivyo machache.

Nimesema sana juu ya kazi kana kwamba nyumbani ni pepo. Si hivyo. Nusu ya mzigo wa simu unatoka kwa watu wetu wenyewe. Wamwera, wenyeji wa nchi hii, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti katika ndoa, misiba na mashauri ya wapwa wake. Simu ya mjomba haiachwi ilie. Msiba ukitokea Mnacho, anayefanya kazi Mwanza anatakiwa ajue saa hiyohiyo, achange saa hiyohiyo, na jina lake lionekane kwenye orodha ya waliochanga ambayo inapandishwa kwenye grupu la ukoo kila baada ya nusu saa. Harusi nazo zina kamati, kamati zina grupu, grupu lina mweka hazina asiyelala. Upendo umo humo ndani, nisieleweke vibaya. Ila mtu aliyejibu wakubwa zake mchana kutwa akarudi kujibu ukoo usiku hajapumzika, amebadilisha ofisi.

Halafu wapo wasio ndugu wala mabosi. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, simu ni mkoba wa fedha, na mkoba una wezi. Ujumbe wa ile hela tuma kwenye namba hii umekuwa utani wa taifa, lakini bado unamnasa mtu aliyechoka, anayeusoma kwa jicho moja saa nne usiku akisubiri kweli kumtumia mwenye nyumba. Mikopo ya programu za simu imeongeza balaa: mkopaji akichelewa, wakopeshaji hupiga namba zote zilizomo kwenye simu yake, kuanzia mkwe hadi mwalimu mkuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kwa mtumishi aliyenaswa humo, hakuna tena kazi upande huu na nyumba upande ule. Aibu yake imesambazwa kote kwa pamoja.

Watu hawakukaa wakisubiri wataalamu. Mwisho wa 2024 nchi ilikuwa na laini za simu zaidi ya milioni 80, wakati Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, watoto wachanga wakiwemo. Sehemu ya tofauti hiyo ni bei za mitandao, maana mtu hufuata bando rahisi. Sehemu nyingine ni uamuzi. Ninawajua watumishi wenye kitochi, kile kiswaswadu cha vibonye, ambacho namba yake wanayo mama, mke, mjomba na zahanati basi. Simu janja yenye magrupu huachwa sebuleni ikichajiwa. Kitochi kikilia usiku, mtu anaruka, maana anajua ni jambo. Huo ndio mfumo wa 115 wa mtu masikini, na unafanya kazi. Udhaifu wake ni gharama: simu mbili, laini mbili, na siku mkubwa akiipata namba ya kitochi mpango umekufa. Wakala wa fedha ana mbinu ya ukali zaidi, akifunga kibanda floti inalala, hata umlilie. Wateja walinung'unika, wakazoea, wakaanza kutoa hela mchana. Bodaboda yeye hana cha kutenganisha, simu ndiyo kijiwe chake, na jioni ndiyo ya kuangalia matokeo ya Namungo na mkeka wake wa kubeti.

Pia kuna mahali ambapo simu inakatazwa na watu wanatii bila kuandikiwa waraka. Msikitini mtu huzima kabla ya kuingia safu, na ikimponyoka ikalia atatazamwa na waumini wote. Kwenye unyago, mambo yanayofundishwa ndani hayatoki nje, kwa hiyo kamera haina kazi huko. Wakubwa na wadogo wote hukubali masharti hayo, kwa sababu katazo linamhusu kila mtu na mwenye kulilinda yupo. Hakuna imamu anayemtumia muumini ujumbe katikati ya sala halafu akamlaumu kwa kutojibu.

Ndiyo maana, kati ya sheria ya bunge na nia njema ya mtu mmoja, ninaweka matumaini yangu katikati: kwa yule anayeweza kuwafunga mikono watumaji. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuamua kwa waraka wa ukurasa mmoja kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni grupu la kazi halipokei agizo, na lenye dharura lipigiwe simu ya sauti kwa mtu wa zamu. Kupiga kwa sauti kunaaibisha kidogo. Ni vigumu kumwamsha mtu saa nne usiku kwa sauti yako mwenyewe ili umuulize habari za madawati. Anaweza pia kununua kitochi kimoja kwa kila kata, mali ya ofisi, kinachopokezanwa kwa zamu. Atakayekataa hoja hii atasema hakuna fungu. Fungu lipo, ila leo linatoka kwenye mishahara ya watendaji na walimu, bando baada ya bando, na halionekani kwenye bajeti yoyote.

Lakini sitashangaa AMCOS zikitangulia. Chama cha msingi kina mkutano mkuu wa wanachama, kina makisio yanayopitishwa hadharani, na wanaompigia karani usiku ndio haohao wanaokaa kwenye mkutano huo. Wanaweza kukubaliana wao kwa wao: wakati wa msimu kuwe na simu ya chama yenye makarani wawili wa kupokezana, maswali ya malipo yajibiwe kwa saa zilizobandikwa ofisini, na kwa kila mnada ujumbe mmoja uende kwa wote kabla hawajaanza kuuliza mmoja mmoja. Gharama yake iwekwe kwenye makisio kwa jina lake, tuseme simu na vocha za msimu, ijadiliwe, ipigiwe kura. Mkutano huo ukifanyika Agosti, kabla korosho haijaanza kudondoka, bado kuna muda wa kununua simu yenyewe.